Mwalimu Zafor Alom, Aliyefundisha Mashairi Akiupa Mlango Mgongo

Usiku wa kuamkia leo Gul Bahar hakulala. Alikaa nyuma ya mlango wake wa mianzi, katika kambi ya wakimbizi ya Kutupalong, akingoja habari za mdogo wake Zafor kutoka hospitalini. Jioni mgonjwa alikuwa amemwomba jambo moja: "Dada, siku yangu ikifika, fungua mlango, Setara asome shairi lake watu wamsikie." Gul Bahar alijifunga ushungi, akarudi nyumbani. Setara ni binti yake wa pekee, ana miaka kumi na sita, na uchochoro wao una midomo mingi.

Marehemu Zafor Alom alizaliwa tarehe 4 Machi 1981, Buthidaung, kitindamimba wa mzee Kala Mia. Alimaliza darasa la kumi mwaka 2000. Kibali cha kusafiri kwenda chuoni hakukipata, akarudi kulima mpunga na kufundisha watoto wa jirani. Mwaka 2006 alimwoa Rashida. Septemba 2017, kijiji kilipochomwa moto, walivuka mto Naf wa mpakani, yeye amembeba mama yake mgongoni.

Kambini alifundisha hesabu. Ijumaa baada ya swala, mashairi. Kijana mmoja alisoma, "Mimi ni mto wa machozi." Marehemu akamkatiza: "Mto wewe, na kuoga unakimbia? Niambie mama yako aliacha nini jikoni mlipokimbia."

Kijana akafikiri. "Mchele. Ulikuwa umeanza kuchemka."

"Haya, andika hilo."

Mwaka 2020 Setara alivunja ungo, mama yake akamweka ndani kama ilivyo desturi. Marehemu alipotaka aendelee kumfundisha, Gul Bahar aliuliza:

"Watu watasema nini?"

"Watanisema mimi, dada."

Marehemu akapindua ndoo nje ya mlango, akaikalia, mgongo kwa mlango. Setara na wenzake watano walisoma ndani, karatasi zikapita chini ya mlango. "Sikuoni, basi nikusikie!" alikuwa akigomba. Gul Bahar alikata popoo za tambuu katikati yao, sikio likiwa kwa majirani. Miaka minne, mvua na jua. Ukimuuliza hali alisema, "Nimechoka, lakini Ijumaa iko palepale."

Ini lilimsumbua tangu mwaka jana. Alifariki leo alfajiri, Jumatano tarehe 12 Juni 2024. Ameacha mjane, wana wawili, Ayas na Rofik, dada, mpwa, na wanafunzi wasiopungua arobaini.

Jeneza lilipopitishwa uchochoroni wanawake wamuage, wabebaji walisimama pale inapokaa ndoo.

"Upesi, jua linapanda," mmoja akasema.

Ndani, Setara alishika karatasi. "Mama?"

Gul Bahar aliusikiliza uchochoro, kama alivyousikiliza miaka yote. Kisha akatoa komeo. Mlango ukafunguka, Setara akaanza kusoma, na wanaume wakateremsha jeneza, wakangoja binti amalize.

Mola amlaze pazuri, mahali pa kusikia.