Nusu ya Nyumba ya Tano

Saa nne asubuhi Pima alifika kijiweni, futi kamba shingoni, akakaa kwenye benchi kama mtu aliyekuja kudai haki yake. Alikuwa fundi cherehani, na jina hilo walimpa kwa sababu hata salamu huipima kabla ya kuitoa. Aliwakuta wazee wawili na vikombe vyao vya kahawa: Matofali, mwashi mstaafu, na Redio, ambaye hajapatikana wa kumzima. Mbele yao, ng'ambo ya barabara, zilisimama nyumba nane kongwe zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Ya tano mama yao aliwaachia Pima na kaka yake. Kaka alitaka iuzwe, apate fungu lake. Pima, aliyemuuguza mama humo miaka sita, alitaka kubaki na kumlipa kaka nusu. Lakini nusu ya ngapi?

— Dalali wa kaka kataja bei bila hata kuingia ndani, — alisema. — Leo sibanduki hapa bila bei ya kweli. Nikimpunja kaka, nimepunja damu yangu. Nikijipunja mwenyewe, nalala nje.

— Rahisi, — alisema Matofali. — Hesabu matofali. Yale ya kuchoma, siku hizi huyapati.

— Na ufa wa jikoni?

— Usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi usizibe, upate ukuta mpya!

Redio akadakia:

— Ukuta gani? Wa kushoto nusu ni wa jirani, wa kulia nusu ni wa jirani mwingine. Nyumba ya katikati haina kuta! Pale mnauziana hewa tu, dada.

— Na paa je?

— Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji, — alisema Redio. — Ukilisifu paa, litavuja.

— Linavuja tayari.

— Si unaona! Nani alilisifu?

— Umri nao, — Matofali alipandisha sauti. — Nyumba ina miaka themanini. Ngoja mingine ishirini, utanunua mtaa mzima!

— Na jirani wa sita anakoroma, — aliongeza Redio. — Hilo toa. Wa nne anaimba vizuri alfajiri. Hilo ongeza!

Pima hakucheka. Pembeni yao alikuwa amesimama mwanamke mgeni, fundi bomba, akipoza kahawa yake.

— Samahani wazee, — aliuliza. — Nasikia ya pili na ya saba zimeuzwa mwaka huu. Zilikwenda kwa bei gani?

Matofali alichungulia kikombe chake. Redio aliagiza kahawa nyingine.

— Miaka yote mnakaa hapa mnazitazama, — alisema Pima, — hamkuwahi kuuliza?

— Kuuliza si ujinga, — alijibu Redio. — Na sisi si wajinga.

Pima alishainuka. Alibisha hodi nyumba ya pili: paa jipya, bei ya juu. Alibisha ya saba: paa bovu kama lao, ufa kama wao. Mwenye nyumba alimwonyesha hati ya mauzo mlangoni. Adhuhuri akampigia kaka, akamtajia bei hiyo.

— Umeitoa wapi hiyo?

— Kwa aliyeilipa.

Pima alikaza simu sikioni, tayari kushindana.

— Basi nilipe kidogo kidogo, dada. Ila chumba cha mama usikipangishe.

— Sikipangishi, — alisema Pima, akavua futi kamba shingoni.