Aliyepandisha Mafua Mlimani

Haya, tulieni hapo hapo uani, wanangu, msisogee hata hatua. Rahel amewachorea mstari wa jivu na huo ndio mpaka wenu. Atakayeuvuka kuja kunishika mkono hapa dirishani, haki ya Mungu namfuta kwenye urithi na nitakufa namcheka. Najua mnaona aibu, mzee wenu anaondoka nanyi mmesimamishwa juani kama watu wanaosubiri mbolea ya ruzuku, lakini mafua haya yaliyoniangusha si yale ya kunywa chai ya tangawizi ukaamka mzima. Mapafu yangu yalishazeeka, mafua yamekuja kumalizia tu. Binti yangu Rahel ni muuguzi, nisipomsikiliza leo nitakuwa nimemsomesha bure. Janeth, mjukuu wangu, inua hiyo simu vizuri, unarekodi paa la jiko. Na anayetaka kukohoa akakohoe kule migombani, kwa kuwa sauti yangu leo ni ndogo na sina nyingine.

Nina mambo ya mali, nina mambo ya mazishi, na nina jambo moja ambalo ndilo limenizuia kufa tangu Jumapili. Nalisema mapema ili pumzi ikikata mjue nilikuwa naelekea wapi. Nyote mmekua mkiambiwa kwamba watu tisa waliokufa katika kitongoji hiki, miaka miwili baada ya Azimio la Arusha, walirogwa na Semeni. Si kweli. Leo nataka jina lake lisafishwe nikiwa bado nina masikio ya kusikia. Na Semeni mwenyewe ndiye yule bibi aliyekaa kwenye kigoda karibu na jiko. Nimemwita mimi, katoka Dakawa alfajiri, na bodaboda imemtikisa mifupa yote kwenye barabara yetu hii ya mawe. Nimewaona mlivyomkwepa. Rahel kasema muachiane hatua mbili, yule mmemwachia kumi! Mnadhani sioni? Macho yangu hayana mafua.

Nianze na mepesi. Shamba la juu la ukoo linakwenda kwa mpwa wangu Fidelis, mtoto wa marehemu mdogo wangu Maria, kwa sababu ardhi ya kwetu inafuata tumbo la mama na sitaanza kuivunja desturi hiyo na mguu mmoja kaburini. Nyumba hii niliijenga kwa mikono yangu, ni ya Rahel. Janeth achukue cherehani ya bibi yake akashonee kule Mwembesongo, aache kuniambia biashara ngumu. Yule beberu mkorofi apewe katekista Gabrieli, maana ameshakula maua ya altare mara tatu, bora awe mali ya kanisa moja kwa moja. Msicheke sana, mnanichekesha na mimi, na nikicheka nakohoa. Ngojeni. Ngojeni kidogo... Haya. Shamba la mtoni, lile la mdalasini na pilipili manga, sijalitaja. Fidelis, nimeona ulivyoinua kichwa. Vumilia, nakuja huko.

Jumatatu nilimuuliza Rahel haya mafua yanatoka wapi. Akakaa pale mlangoni, barakoa usoni, akanieleza taratibu kama anamfundisha mtoto wa chekechea. Akasema kirusi chake ni kidogo hata hakionekani, asili yake hasa ni ndege wa majini, wakati mwingine kinapitia kwa nguruwe, na kila mwaka kinabadili shati ili miili yetu isikitambue. Ila mara moja moja, baada ya miaka mingi, kinabadili nguo zote mpaka viatu, na hapo ndipo dunia nzima inalazwa kitandani. Kinapanda pumzi ya mtu, kinapanda mkono uliofuta pua. Zamani kilisafiri kwa meli na treni, siku hizi kinapanda ndege, asubuhi kiko Ulaya na jioni kimeshuka Dar es Salaam hakijachoka. Na mtu anaweza kukigawa siku nzima kabla hajajua kwamba anaumwa. Nilisikiliza mdomo wazi. Jamani, kitu hakina miguu, kimetembea kuliko maaskofu wote!

Akanitajia ule ugonjwa wa baada ya vita vya Mjerumani na Mwingereza, nami nikaukumbuka, kwa sababu bibi yangu alituhadithia jinsi wapagazi walivyonusurika risasi wakaja kufia kwenye vizingiti vya mama zao, vijana wenye shingo nene wakitangulia na wazee wakibaki kuwazika. Siku zote nilidhani ule ulikuwa msiba wetu sisi Waluguru, tuliopewa peke yetu. Kumbe mwaka ule India walikuwa wanachimba makaburi, Amerika wanachimba, na watu wa visiwa ambavyo sijui viko upande gani wa bahari wanachimba vilevile. Kisha Rahel akasema, kama mtu anayepita tu, kwamba mwaka wa sitini na nane yalitoka mengine huko Hong Kong na hadi mwaka uliofuata yalikuwa bado yanazunguka dunia. Nikamwambia, mama, rudia hapo. Akarudia. Nikamwomba atoke nje, nikajifunika shuka, nikalia.

Kwa sababu mwaka huo wa sitini na tisa nilikuwa kuli wa stesheni pale Morogoro mjini, napakua mizigo ya treni ya Dar, nalala chumba kimoja na vijana wanne Mwembesongo. Wiki ile wote wanne walikuwa chini, wanatetemeka, wanakohoa, mmoja hakuinuka tena. Nikaletewa habari kwamba mama yangu amefariki. Nikapanda lori la ndizi kuja Matombo huku kifua kinawaka na kichwa kinagonga, na njia nzima nikajiambia ni vumbi. Fika nyumbani, ungefanya nini? Mtoto wa kiume haendi kwenye maziko ya mama yake akasema mimi naumwa, niwekeni pembeni. Nikakaa kwenye mkeka, kijiji kizima kikanipa mkono wa pole, nami nikapokea kila mkono kwa mkono uleule niliofutia pua. Usiku tukalala tumebanana ndani ya nyumba moja, milango imefungwa kwa baridi ya mlima. Na pombe ya msiba ilipoiva, kata ya kunywea ilikuwa moja. Mfiwa anaanza, wengine wanafuata. Nilianza mimi.

Sasa Semeni alikuwa mtani wetu, ukoo wake na wetu ni watani tangu enzi za mababu, na kazi ya mtani msibani mnaijua, ndiye mwenye kibali cha kuwachekesha wanaolia. Alikuwa fundi huyu! Alivaa kanga ya mama, akatembea uani kama mama alivyotembea, makalio nyuma, mkono kiunoni, akiwagombeza wapishi, mpaka mjomba wangu akacheka akakalia chungu kikavunjika. Kisha ndiye aliyeishika ile kata akawa anaipitisha, huku anasema, "Kunyweni, kunyweni, mwaka huu nawamaliza nyumba hii wote, naanza na huyu anayekohoa, nibaki nakula ndizi zenu peke yangu." Tulicheka mpaka mbavu zikauma.

Siku ya nne watu wakaanza kuanguka. Wa kwanza walikuwa wale waliokaa nami mkeka mmoja. Ndani ya wiki tatu tumezika tisa, na mjomba mwenyewe akiwamo. Na Maria. Fidelis, mama yako alikuwa na miaka ishirini na miwili, na wewe ulikuwa na wiki sita, unanyonya. Watu wakakaa wakatafuta mwenye kosa, wakakumbuka kata ilikuwa mkononi mwa nani, wakakumbuka alisema nini. Utani tulioucheka wenyewe tukaugeuza kiapo cha mchawi. Hakuna aliyetaka kukumbuka kwamba Semeni naye aliugua siku tisa, nywele zikamnyonyoka kwa homa. Mchawi gani anajiroga mwenyewe? Nami nilikuwepo kwenye kikao cha wazee kilichomfukuza. Niliulizwa, "Anselmi, unasemaje?" Nilikuwa nawajua wale vijana wa Mwembesongo. Nilijua nimeshuka kwenye lori na nini kifuani. Nikasema, "Wazee mnajua zaidi." Hayo ndiyo maneno yangu yote, wanangu. Matatu tu, na yakamhamisha mtu mlimani.

Rahel hapo anataka kunitetea. Naona, unatikisa kichwa. Jana uliniambia, "Baba, hukujua, hakuna aliyejua, kosa ni la kirusi." Nakubali, mafua si kosa langu, nilikuwa kituo cha mwisho tu cha safari iliyoanza mbali. Lakini kirusi hakikusema "wazee mnajua zaidi." Hilo lilitoka kinywani mwangu.

Basi shamba la mtoni ni la Semeni na watoto wa binti zake. Lilikuwa lake, na siku tuliyomfukuza tulilichukua yeye hajavuka hata kijito. Fidelis, najua umepanda mdalasini pale kwa mikono yako, utavuna uliokomaa msimu huu mmoja, kisha unakabidhi mbele ya mwenyekiti wa kitongoji na katekista. Usinigeuzie mgongo, baba. Kasirika, una haki, miaka yote umemchukia mtu aliyempakata mama yako akifa kumbe aliyekulea ndiye aliyemletea homa. Ndiyo, ndiye aliyempakata. Yeye mwenyewe akiwa na homa. Mimi nilikuwa nimelala chumba cha pili nasikia. Nilikupenda kama niliyekuzaa, na sehemu ya mapenzi yale ilikuwa hofu kwamba siku moja utajua. Leo umejua. Nisamehe ukiweza, na usipoweza leo, kaburi langu halihami, utakuja siku ukiwa tayari.

Maji kidogo, Rahel. Weka hapo, nitachukua mwenyewe.

Mazishi yangu. Hapa ndipo mtanipinga na hapa ndipo sitaki mjadala. Mafua bado yako kijijini, mmesikia Rahel, zahanati imejaa. Msinifanyie kama tulivyomfanyia mama. Hakuna kupeana mikono. Mtu aweke mkono kifuani, ainame, pole imefika. Hakuna kulala ndani mmebanana. Mnizike siku hiyo hiyo, mkalale kwenu. Kila mtu aje na kikombe chake kutoka nyumbani, na asiye na kikombe anywe kwa macho. Wanaokohoa wabaki vitandani, na nawaapia sitawadai wala sitawatokea ndotoni. Wenye vichanga na wazee wenzangu wakae mbali kabisa. Mafua yakiisha, fanyeni arobaini kubwa, pigeni ngoma, mnywe mpaka muanguke kwa pombe na si kwa homa. Nataka niwe maiti wa kwanza wa ukoo huu ambaye hakuondoka na mtu.

Na nataka mtani. Tangu Semeni aondoke, ukoo wake haujakanyaga msiba wetu. Miaka hamsini na kitu tumezika watu kwa kulia tu, tunalia tunarudi nyumbani, hakuna wa kutuinua. Nyinyi vijana hata hamjui mazishi yaliyo na kicheko. Sasa simwombi Semeni anisamehe kwa maneno, maana maneno mazuri hata mwanasiasa anayo. Mtani aliyekukasirikia hakutanii. Anakuamkia kwa heshima, na heshima hiyo inakata kuliko panga. Toka asubuhi ananiita "Mzee Anselmi". Mimi! Ambaye alizoea kuniita kichwa-mchi!

Nipumzike kidogo.

Mungu awabariki, wanangu. Awape pumzi ndefu, vifua visafi, na mashamba yenye kivuli. Rahel, ubarikiwe kwa kunielimisha uzeeni. Janeth, upate mume asiyeogopa kusema "mimi ndiye". Fidelis... Fidelis, Bwana akubariki hata ukiwa umenuna. Pendaneni. Msigombanie migomba.

Sasa ninyamazieni, nimsikilize. Semeni. Mtani wangu. Nimelisema mbele yao wote, na lile la kikao nimelisema. Utakuja kunizika? Utavaa koti langu uwaonyeshe nilivyokuwa natembea?

...

Janeth, usimsogezee simu, mwache.

Fidelis anakwenda wapi? Fidelis, mstari! Ah. Amemhamishia Semeni kigoda kivulini. Haya. Ahsante, baba. Ahsante sana.

Anasema nini? Sisikii, masikio yanajaa. Rahel, niambie, anasemaje? Anasema... anasema nife leo leo, kichwa-mchi mimi, kwa sababu ameacha mpunga Dakawa unaliwa na ndege, na nikichelewa mpaka kesho nitajizika mwenyewe?

Ha! Mmemsikia? Mnacheka nini, mmemsikia kweli? Sema tena, Semeni, sema kwa nguvu. Ooh, kifua... hapana, Rahel, kaa huko huko, si mafua, nacheka. Amenitania, wanangu. Amenitania.