Chembe Zenye Ladha Tatu

Benchi letu ni ubao mmoja uliolazwa juu ya rimu mbili za lori, nje ya kibanda cha kinyozi, pale ukuta unapokata kona. Ubao ni wa kinyozi, rimu ni za mwanangu, kahawa ni yangu. Kwa hiyo kila mmoja anajiona mwenye benchi. Kinyozi wanamwita Wembe, si kwa kunyoa, kwa mdomo. Fundi redio wa mlango wa pili ni Masafa, na hajawahi kurudisha redio ya mtu na skrubu zake zote. Mwanangu, dereva wa lori, ni Breki: akisikia jambo jipya anakanyaga kwanza, kuuliza baadaye. Asubuhi hiyo alikuwa bado amekanyaga. Binti yake, mjukuu wangu, amepata kazi ya utafiti nchi ya mbali, chini ya mlima, na ameapa kwamba bila radhi ya baba hapandi ndege. Amehamia kwa shangazi yake anangoja. Baba anakunywa kahawa.

— Kazi gani hasa, bibi? Wembe akaniuliza mimi, maana baba mtu alikuwa amefunga mdomo kama kopo.

— Anakwenda kukamata chembe zinaitwa nyutrino. Zinatoka juani, zinapita kila mahali. Hata sasa zinapita kwenye hicho kichwa chako.

— Hapo zimepata njia nyeupe, akasema Masafa. Hakuna cha kugonga.

— Nyamaza wewe. Zikishapita zinakwenda wapi, bibi?

— Zinatokea nyayoni, zinaitoboa dunia nzima, zinatokea upande wa pili. Hazisimami.

— Basi si nzuri hizo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

Breki akacheka kwa pua. Ndiyo ilikuwa sauti yake ya kwanza tangu akae.

— Na zina ladha tatu, nikaongeza.

Heri ningemeza ulimi. Mtoto aliniambia kwenye simu kwamba wataalamu wanaziita aina zake ladha, nami nikalitoa neno kama nilivyolipokea.

— Ladha! Wembe akaruka. Si ungesema tangu mwanzo! Mtoto anakwenda kupika!

— Kuonja, Masafa akamsahihisha. Hiyo kazi ipo. Hata kahawa wako watu wanalipwa kuionja.

— Hii ya bibi inabidi walipwe mara mbili.

— Rudisha kikombe, nikamwambia. Ladha ni jina tu. Zinaondoka juani zina ladha moja, njiani zinageuka. Zamani wataalamu walizihesabu, wakakuta chache kuliko walivyotarajia. Wakadhani wamekosea hesabu. Kumbe zilikuwa zinafika, ila zimegeuka, na mitego yao ilijua ladha ile ya kwanza tu.

— Hiyo naijua, akasema Masafa. Ni redio hiyo. Unaiacha inasoma habari, unakwenda kunawa, ukirudi inapiga muziki.

— Kwa sababu umeitengeneza wewe!

— Cheka tu, Wembe. Hizo chembe ndizo zinazoharibu redio za watu. Zinaingia kwenye stesheni hii, zinatokea kwenye ile. Mimi nasingiziwa.

— Mimi nasema zinabeba mawazo. Juzi nilimnyoa mtu nusu kichwa, nusu nikaisahau. Ilipita nyutrino! Wale wamejificha chini ya mlima wanakusanya mawazo yetu bure. Haba na haba hujaza kibaba.

— Ya kwako hayajazi hata kizibo, nikamwambia. Wako chini kwa sababu huku juu kuna vurugu, vitu vingine vinanyesha kutoka angani. Mwamba unavizuia vile, nyutrino inapenya. Huko chini kuna tangi la maji safi, kubwa kuliko ghorofa, ndani giza tupu, kuta zimejaa macho ya kioo. Nyutrino karibu zote zinapita bila salamu. Mara chache sana moja inagonga, panatokea kimwanga, macho yanakiona. Duara la mwanga likiwa na kingo safi ni ladha hii, likichanika kingo ni ile.

— Kwa hiyo wanakaa gizani wanangoja, akasema Breki.

Sote tukamgeukia.

— Wanangoja, ndiyo.

— Nimesomesha mtoto akangoje shimoni kitu kisichoonekana. Maji ya kifuu bahari ya chungu.

— Hiyo methali imeingiaje hapa? Wembe akauliza.

— Kama nyutrino, akajibu Breki. Haijabisha hodi.

Hakuna aliyecheka, kwa sababu yeye mwenyewe hakucheka. Akanigeukia.

— Mama, hicho kitu kimetoka juani hivi, kimefika vile. Na yeye je? Ataondoka hapa binti yangu. Atafika kule nani?

Hapo ndipo breki ilipokuwa imeshika. Si shimo wala giza.

— Wewe ulipotoka kwangu kwenda kujifunza lori ulikuwa unaniamkia, nikamwambia. Siku hizi ukija unauliza kahawa ipo. Nimekufukuza?

— Mama…

— Ngoja nimalize. Mtoto kasema kisicho na uzito hata chembe hakigeuki. Walipoona zinageuka ndipo wakajua zina uzito. Tena hazigeuki mara moja zikakoma. Zinageuka, zinarudi, zinageuka, zinarudi.

— Zinarudi?

— Ndivyo alivyosema.

Mama mmoja mgeni alikuwa amesimama kando, redio kwapani, anamngoja Masafa anyamaze.

— Samahani, akasema. Huyo binti anaondoka lini?

Masafa akamtazama Wembe. Wembe akanitazama mimi. Nami niliyeuliza habari za jua, maji na macho ya kioo, la ndege sikuuliza. Tukamtazama baba yake.

— Hamjui? Nyote? akashangaa yule mama.

Breki akainuka ghafla, ubao ukanyanyuka upande mmoja, Masafa nusura aanguke. Akaenda ukutani na simu. Tukawa tunasikia upande wake tu.

— Ni baba… Ndege saa ngapi?… Leo?… Una sweta?… Hiyo si sweta, hiyo ni fulana… Usikodi gari. Nakuja mwenyewe.

Akapita mbele yetu kama hatuoni.

— Sasa radhi ametoa au hajatoa? Wembe akauliza. Mimi neno radhi sijalisikia.

— Lori umelisikia likiwaka? nikamuuliza.

— Nimelisikia.

— Basi.

Honi ikalia, ndefu, na hapa hakuna anayeitwa kwa honi ila mimi. Birika nikamkabidhi yule mama mgeni, maana wale wawili siwaamini, nikapanda.