Mzee Nehemiya Anaaga Maji ya Gaju

Kakiika, Mbarara, 30 Agosti 2025
Kwa Mzee Nehemiya

Leo Mzee Nehemiya anastaafu, baada ya kutunza bwawa la kuogelea la nyumba yetu ya wageni kwa miaka kumi na minne. Ni bwawa dogo nyuma ya jikoni, na hujazwa wakati wa kiangazi tu. Mvua zikikaribia, humwagwa. Mwaka huu litamwagwa yeye akiwa ameshafika kwake Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale.

Alikuja kwetu akijua ng'ombe tu. Mara ya kwanza alipotia klorini, maji ya kisima yaligeuka kahawia, kwa kuwa yana chuma. Wenye nyumba walidhani bwawa limeharibika. Yeye alilipa jina la Gaju, ng'ombe wake wa kahawia aliyebaki milimani Kivu ya Kusini. Maji yalichujwa yakatakata, lakini jina halikutoka.

Msimu huohuo alikoroga dawa kama alivyozoea dawa ya kupe: unga kwanza ndani ya ndoo, kisha maji juu yake. Ndoo ilifoka, naye akaruka ua na kuacha kofia. Tangu hapo kila aliyemsaidia aliambiwa: "Maji kwanza, dawa nyuma. Ukigeuza, utakimbia kama mimi."

Kila asubuhi alichota maji kwa vichupa viwili. Kimoja hupima uchachu, kingine huonyesha klorini kwa rangi ya njano. Njano hafifu, watu waogelee. Njano iliyokolea kama samli, wangoje. Hakubembelezeka, hata na watoto waliokwisha kuvaa nguo za kuogelea.

Mimi namshukuru kwa jambo moja zaidi. Mwaka juzi mama yangu, Kabanyana, aliugua sana, na alitaka kubatizwa kwa kuzamishwa kabla hajafa. Kule kwetu milimani Kivu maji ya mto yalikuwa baridi, na kila mwaka alisema mwaka ujao. Kiangazi kilikuwa hakijaanza, bwawa lilikuwa na maji ya mvua tu, ya kijani. Mzee Nehemiya alilimwaga, akalisugua, akalijaza upya, akatia dawa nyingi, akangoja. Jumamosi waumini wakafika kutoka Nakivale wakiimba. Kichupa kilikuwa bado samli.

Mchungaji Yonatani alisema mgonjwa hana muda. Mzee akatikisa kichwa: "Pasta, maji hii itamuchoma macho na kifua. Mumupatie mpaka kesho."

Sote tukamtazama mama. Akacheka: "Kwetu nilikataa maji. Leo maji inanikataa mimi! Basi, nitangojea."

Jumapili alasiri, baada ya jua kali, njano ilikuwa hafifu. Mama alizamishwa, akaibuka macho wazi, akauliza miaka yote hiyo alikuwa anaogopa nini. Mwezi haukuisha, tukamzika Juru. Alikwenda ametulia, na siku ile moja ya kungoja ndiyo iliyofanya aifurahie ile ya pili.

Mzee, kwa mikono yako iliyokaushwa na dawa, asante. Tunakuombea miguu yenye nguvu, maharage yenye kuzaa, na Gaju wa kweli zizini. Huyu wa kwetu tutamtunza: maji kwanza, dawa nyuma.

Kaburi la mama liko njiani kwako. Ukipita umsalimie, na sisi wa Kakiika utukumbuke.

Miriamu, wa jikoni