Wakala na Sanduku la Mama Pindo

Siku ile kwenye benchi la kahawa tulikuwa wanne: Spana, fundi baiskeli; Redio, mlinzi wa duka la mabati; Mama Pindo, mshona nguo; na mimi ninayeuza kahawa, mwanangu akiwa amelala mgongoni. Mama Pindo alikuwa hanywi. Kaka yake aliye ng'ambo alimtumia mashine ya kudarizi, na sanduku lilikuwa limekwama bandarini. Shule iliyomwahidi kazi ya kudarizi nembo kwenye sare ilianza kuchoka kumsubiri. Spana alimsogezea kikombe chake mwenyewe, kisha akarudi kwenye ubishi wake na Redio juu ya wakala aliyepewa kazi ya kulitoa sanduku.

— Wakala wa forodha ni mshenga tu, alisema Redio. Anabeba maneno yako kwa watu wa ushuru, na njiani anakula.

— Mshenga hali mpaka harusi ifungwe, Spana akajibu. Huyu anachelewesha makusudi. Wahenga walisema, mchelea mwana kulia, hulia yeye.

— Hiyo inaingiaje hapa?

— Inaingia. Mwana ni mashine.

Mama Pindo akacheka kidogo. Nikashukuru moyoni.

— Mimi nawaambia, Redio akashusha sauti, mashine iko chumba cha nyuma huko huko. Inadarizi kofia za maofisa.

— Kofia? Spana akadakia. Ishafunguliwa zamani! Kila ofisa kaenda kwake na gurudumu.

— Mashine ya kudarizi ina magurudumu?

— Si ndiyo hivyo, yameshachukuliwa.

— Jamani, Mama Pindo akasema, kaka yangu kajinyima mwaka mzima.

Wote wawili wakatazama chini.

Ndipo akafika mwanamume mmoja, shati limelowa jasho, viatu vyeupe kwa vumbi. Mama Pindo akainuka. Alikuwa wakala wake.

— Mama, nimekupigia hupatikani, nikaona nije. Kesho wanalifungua sanduku. Nimeandika mashine moja, kama ulivyoniambia. Lakini kwenye mizani uzito umezidi. Ndani mna nini kingine?

Wote tukamgeukia Mama Pindo.

— Sijui, Mama Pindo akasema. Mtu akikutumia zawadi, utamwuliza kaweka nini?

— Mimi lazima niulize. Kazi yangu ni kuutaja mzigo ulivyo, ulipiwe ushuru unaostahili. Nikitaja pungufu, sahihi ni yangu, lakini mzigo ni wako, na watauzuia. Leo bado naweza kurekebisha.

Angeweza kungoja wafungue, kisha amlaumu mwenye mzigo. Nilimmiminia kahawa, nikakataa pesa yake.

Redio alitoa simu yake, Mama Pindo akampigia kaka yake. Kaka mtu alipopokea, alicheka kwa aibu. Aliona nafasi imebaki sandukuni, akajaza viatu vya shule na mablanketi ya wapwa zake. Alitaka washtukizwe.

Mama Pindo akajifuta machozi kwa upindo wa khanga. Wakala hakuketi. Aliandika akiwa amesimama, akiuliza kwa upole: viatu vipya au vilivyovaliwa? Mablanketi ya sufu au ya pamba? Spana alimshikia kikombe ili mkono wake uwe huru.

Sanduku lilitoka wiki iliyofuata. Nusu ya sare zilikuwa zimeshapelekwa kwa fundi mwingine. Nusu iliyobaki aliidarizi Mama Pindo.