Mama Anisa na Ng'ombe wa Sufu

Baada ya miaka ishirini na miwili ya utumishi katika Jumba la Sanaa la Wabera, Mama Anisa Abshir anastaafu rasmi tarehe 30 Juni, 2025. Tulimsihi abaki. Alitujibu kwamba magoti yake yalistaafu mwaka juzi, yeye anayafuata tu.

Aliajiriwa kufagia na kupika chai, akapanda hadi kuwa msimamizi wa ukumbi. Mara nyingine bidii ilizidi kipimo. Msanii mmoja alituletea maonyesho ya vibuyu vya maziwa vilivyochakaa, na asubuhi yake akavikuta vimeoshwa, vimefukizwa moshi na vinang'aa. Alishika kichwa, maana vumbi lile ndilo lilikuwa sanaa yenyewe. Mama Anisa alimpa pole na chai, ila hadi leo anaamini alimsaidia.

Kazi tutakayomkumbuka nayo zaidi ni zulia kubwa la ukutani, ambalo akina mama wa Gotu na Kipsing, vijiji viwili vya wafugaji vilivyozoea kugombania mifugo, walilifuma pamoja ukumbini mwetu. Ombi lake lilikuwa moja tu: asiondoke kazini kabla ya kuliona limetundikwa.

Tulikubaliana katikati akae ng'ombe. Hapo ndipo tulipoharibu. Wa Gotu walimfuma, na kwa kuwa ng'ombe asiye na chapa ni aibu, wakamtia chapa ya kwao pajani. Zamu ya Kipsing ilipofika, wakamtia ya kwao shingoni. Mzee Doyo wa Gotu, aliyekuja kumchukua mkewe Kuno, alimkazia macho mnyama yule wa sufu, kisha akatangaza kwamba anamjua: ni ng'ombe wake aliyepotea wakati wa kiangazi, na sasa ana chapa ya Kipsing. Fahali wawili wakipigana huumia nyasi. Sisi ng'ombe mmoja alitosha kuumiza jumba zima. Kila upande uliondoka na nyuzi zake, na mkuu wetu Salesio akaanza kumtafuta chifu.

Mama Anisa hangeweza kuamua ugomvi wa ng'ombe. Kwao ni watu wa duka na malori; ng'ombe anayemjua vizuri ni wa kwenye supu. Alikaa mbele ya fremu ya zulia akalia waziwazi, kwa kuwa siku zake za kazi zilikuwa zinayoyoma. Kisha akajifuta uso, akafumua chapa zote na pembe, akafuma masikio mawili marefu. Akawapigia simu wote: "Kujeni tu. Ng'ombe hayuko, sasa ni punda. Nani anapigania punda?"

Walikuja kuhakikisha, wakacheka hadi wakakaa chini. Kuno alimbebesha punda mitungi ya maji, na wa Kipsing wakamfumia njia ya kwenda kisimani.

Zulia lilitundikwa wiki iliyopita. Mzee Doyo alimkagua punda kila upande, hakuona chapa, akaomba kiti karibu na wazee wa Kipsing. Mama Anisa aliwamiminia chai wote, na safari hii machozi yalikuwa ya furaha.

Mama Anisa, asante kwa kazi, kwa chai na kwa moyo wako. Mwenyezi Mungu akupe pumziko lenye afya, na wageni wa Gotu na Kipsing wabishe hodi kwako siku moja, wakiwa pamoja.