Tonge la Mkuu wa Wilaya

Sogeeni karibu, wanangu, Yeshimebet, Tsige, na wewe Mesfin unayetazama saa. Nasema nikiwa na akili timamu, kabla pumzi haijanitoka.

Yeshimebet kachaguliwa kuongoza tume ya ukweli kuhusu mauaji ya vita hivi vilivyoisha, hapa mjini kwetu, na utawala umempa ofisi ndani ya ua wake, na gari juu yake. Mesfin anasema, "Dada, cha bure hakikataliwi." Basi sikilizeni kwa nini atakikataa.

Baada ya vita vile vya kwanza niliongoza wazee wa upatanisho. Mnajua desturi yetu: mzee wa suluhu hali wala hanywi kwa upande wowote mpaka maneno yaishe. Siku ya kufungua kikao mkuu wa wilaya akaandaa karamu, akakunja kipande cha injera, mkate wetu mwembamba, kwa mchuzi wa kuku, akanilisha kwa mkono wake. Kukataa tonge la mkono ni tusi. Nikaona haya, nikafungua kinywa. Wajane wa vita waliokaa kando ya ukuta wakanitazama nikitafuna, na kesho yake hakuja hata mmoja kikaoni. Nikamfuata mmoja wao, Askale, ambaye mumewe alichukuliwa na askari wa mkuu yuleyule. Hakuinuka. "Baba Gebreyes, umeshiba kwake, utamuulizaje? Nenda kapumzike." Alikufa bila mtu kuandika jina la mumewe, na hilo nakwenda nalo kaburini.

Kesi ya nyani hapewi ngedere kuiamua. Kwa hiyo nyumba hii isigawanywe kwanza. Vyumba viwili vya mbele, vyenye mlango wa barabarani, ni vya tume mpaka ripoti isomwe hadharani. Ndipo mgawane sawa watatu. Mesfin, najua ulitaka kufungua duka. Ngoja, wala usinune. Mwanamume mwenye mvi akinuna hapendezi. Tsige, shamba la shayiri lilime wewe.

Yeshimebet, waite waliotuua, na wetu waliowaua wao pia. Binamu yangu Lemma usimruke kwa kuwa ni damu yetu. Utaweza, tangu utotoni hukubembelezeka.

Barua ya kuwakatalia ofisi yao na gari umeiandika? Vizuri. Mpe Mesfin... aipeleke yeye, leo hii, kwa miguu, watu wamwone.

Inueni kichwa changu kidogo. Mungu awape... awape usingizi wa watu wasio na la kuficha. Mlango ule wa mbele... ufungueni sasa, niusikie.